Mzungu Aliyejua Kunyamaza, na Mke Asiyepewa Neno

Ukitoka Nairobi mjini kwa barabara ya Ngong, ukaiacha nyuma Dagoretti Corner na ule uwanja wa mbio za farasi, hewa hubadilika. Kelele za matatu hupungua, miti hukaribiana, na nyua za michongoma hurefuka hata usione nyumba iliyo ndani. Hapo umefika Karen. Sisi watu wa pwani twaijua Karen kwa masikio zaidi kuliko kwa macho: ni mahali pa mabwana wakubwa, na mtu wa Kibokoni hana la kufanya huko isipokuwa ana jamaa aliyeajiriwa, au ana shughuli ya kumpeleka na kumrudisha siku hiyo hiyo.

Jina la mtaa huo watu wengi hulihusisha na Karen Blixen, yule bibi wa Kidenmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong tangu 1914 hadi 1931. Kahawa ilimshinda, akarudi kwao mikono mitupu, na mwaka 1937 akatoa kitabu kilichomletea sifa ambayo kahawa haikumletea. Tena tusisahau kwamba bibi huyo alifunga ndoa papa hapa Mombasa, Januari 1914, alipoteremka melini. Na mtu aliyekuja kuwa mkono wake wa kulia kwa miaka yote ile alikuwa Mwislamu, Farah Aden, Msomali.

Mwaka 1985 Wamarekani wakaja Karen kuitengeneza hadithi hiyo kuwa sinema, nayo ni Out of Africa. Mkubwa wao alikuwa Sydney Pollack. Nyumba yenyewe ya Bibi Blixen hawakuitumia. Walichukua nyumba nyingine iliyo karibu, ya Mbagathi, ambayo bibi huyo aliishi kabla ya kuhamia ile inayojulikana sana. Wakajenga Nairobi ya zamani, ya mabati na vumbi, ipate kupigwa picha kana kwamba ni mwaka 1914. Hata simba waliwaleta kutoka California, simba waliofunzwa, ilhali wa kwetu wangali wakinguruma mbugani. Sinema ilitoka Desemba mwaka huo, na Machi 1986 ikazoa tuzo saba za Oscar.

Kila aliyeandika habari za sinema ile ameandika habari za Meryl Streep na marehemu Robert Redford. Sina ugomvi nao. Lakini mimi nataka kumwandika mtu wa tatu, Mwingereza mmoja mwenye nywele nyekundunyekundu na macho ya mtu aliyekwisha kukusamehe kabla hujamkosea. Katika sinema hiyo anakufa njiani, mambo hayajesha. Jina lake Michael Kitchen.

Kitchen alizaliwa Leicester, Oktoba 1948. Mji huo wasomaji wengi wenye jamaa Uingereza wanaujua, kwani ndiko walikokimbilia Wahindi wengi wa Afrika Mashariki, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Utotoni alikuwa kiongozi wa watoto waimbaji kanisani, na shuleni akaingia katika michezo ya Shakespeare. Akapitia jukwaa la vijana la taifa na jumba la michezo la Belgrade mjini Coventry, kisha akaingia chuo cha RADA kule London, ambacho kwa wachezaji wa Kiingereza ni kama vile mtu wetu kusema amesoma Riyadha, Lamu: akisharudi haulizwi tena alisoma wapi.

Alianza kuonekana katika sinema na televisheni mapema katika miaka ya 1970. Hapa yafaa tukumbushane kwamba televisheni ya Uingereza ya zama hizo haikuwa ya vichekesho na mpira tu. Watunzi wakubwa waliandika michezo mipya kwa ajili ya kioo kile, na taifa zima likaketi kuitazama usiku mmoja, kesho yake ndiyo mazungumzo. Mmoja wa watunzi hao alikuwa Dennis Potter, na mwaka 1976 alimwandikia BBC mchezo uitwao Brimstone and Treacle. Kitchen alicheza kijana mwenye adabu na maneno laini anayeingia katika nyumba ya watu wenye binti mgonjwa asiyejiweza. Kijana huyo ni shetani, au ni kama shetani. Na anayoyatenda katika nyumba ile hayasimuliki mbele ya wazee. Mchezo ulikwisha kupigwa picha, siku ya kuonyeshwa ikakaribia, wakubwa wa BBC wakautia kabatini. Ulikaa humo miaka kumi na moja, hata 1987.

Fikiri, msomaji, kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye kazi yake kubwa kuliko zote imefungiwa, na hakuna aliyeiona ila waliomfungia. Wengine wangepiga kelele. Kitchen hakujulikana kwa kelele wakati ule, wala hakujulikana kwazo baadaye. Mahojiano na magazeti huyakimbia kama mtu aliyekopa. Aliendelea na kazi. Mwaka 1980 alicheza na Peggy Ashcroft katika Caught on a Train, habari ya kijana na bibi kizee wanaosafiri pamoja kwa gari moshi Ulaya, na mwaka 1982 akawa Edmund, yule mwana wa nje ya ndoa katika King Lear iliyotengenezwa na BBC. Halafu ndiyo akaitwa Karen.

Aliitwa kumcheza Berkeley Cole, na Cole hakuwa mtu wa kubuniwa. Alizaliwa mwaka 1882, mtoto wa Earl wa Enniskillen kule Ireland, akaja Kenya akawa na shamba upande wa Naro Moru. Alikuwa mmoja wa walioanzisha klabu ya Muthaiga, ile iliyokuwa baraza ya walowezi. Vita vya 1914 vilipoanza aliongoza kikosi cha farasi kilichoitwa kwa jina lake, Cole's Scouts, na askari wake wengi walikuwa Wasomali. Alifariki mwaka 1925 kwa maradhi ya moyo. Wenye sinema walimbadilishia maradhi, wakampa ile homa mbaya ya malaria inayogeuza mkojo kuwa mweusi. Nadhani moyo ni maradhi ya ndani sana, hayana picha.

Sasa, katika sinema ile palikuwa na jambo la ajabu. Denys Finch Hatton, mpenzi wa Bibi Blixen, alikuwa Mwingereza wa kutupa, mtoto wa lodi, mwanafunzi wa Eton na Oxford. Nasi watu wa pwani tuna sehemu yetu kwake, maana alikuwa na nyumba Takaungu, na mwaka 1931 ndege yake ilianguka Voi akafa. Lakini aliyemcheza, Redford, ni Mmarekani, na alizungumza Kimarekani chake tangu mwanzo hata mwisho. Mkurugenzi aliamua hivyo kwa sababu watazamaji walikuja kumwona Redford, si Finch Hatton. Kwa hiyo ule Uingereza wote uliotakiwa kuwamo katika urafiki wa watu wawili hawa, yale maneno ya nusu nusu, ile mizaha mikavu, lile jambo la mtu kukwambia anakufa kama anayekwambia kwamba chai imepoa, yote alitwishwa Kitchen peke yake. Akayachukua, na hatokwi jasho.

Pana tukio moja ninalotaka msomaji alitazame akipata nafasi. Denys amekwenda kumwangalia rafiki yake, akamkuta mgonjwa. Ndani ya nyumba mna mwanamke wa Kisomali, mrefu, mzuri wa kushtua, anayemuuguza kwa utulivu. Si mtumishi. Ni mwenzake wa nyumba, na wamekuwa pamoja siku nyingi. Denys, sahibu yake wa miaka, hakuwa na habari. Anauliza kwa nini hakuambiwa. Na Berkeley, aliyelala pale na mauti ubavuni, anamjibu kwa upole kwamba pengine alidhani hawajajuana kiasi hicho.

Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu alikuwa na ufito wa mkwaju, na mtoto hakupigwa kwa kukosea kusoma tu, alipigwa pia kwa kutojua pa kusimama. Mwanzoni mwa Sura ya Al-Kahf pana mahali ambapo msomaji hukata sauti kidogo bila ya kuvuta pumzi, kisha huendelea. Huitwa sakta. Sisi watoto tuliona ni jambo la kutuonea tu, mpaka mwalimu alipotueleza kwamba ukipaunganisha, maana ya yaliyotangulia na yanayofuata huchanganyika. Sisemi kwamba sinema na Msahafu ni mamoja, astaghfirullahi. Nasema tu kwamba sikio langu lilifunzwa mapema kusikia kimya kilichowekwa mahali pake, na katika ushairi pia tuna kituo, na mtunzi asiyejua kituo hana vina vitakavyomsaidia. Kitchen, kabla ya kumjibu rafiki yake, anasimama kidogo. Hafanyi chochote. Macho yanamwendea yule mwanamke, yanarudi. Katika muda ule mfupi umekwisha kujua kwamba alimpenda, kwamba alimwonea haya mbele ya wenziwe, na kwamba haya hiyo yenyewe sasa inamwaibisha.

Huo ndio ustadi, nami nauvulia kofia. Lakini kimya hicho kina ndugu yake katika chumba kile kile, na huyo hakutungiwa sifa na mtu.

Mwanamke yule katika sinema huitwa Mariammo, yaani Mariamu wetu. Aliyemcheza ni Iman, na Iman ni mwenyeji kuliko wote waliokuja Karen mwaka ule. Alizaliwa Mogadishu mwaka 1955, baba yake balozi, akasoma Misri, na mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi wa elimu ya siasa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, alimwona njiani akamwomba ampige picha. Binti akakubali kwa sharti kwamba amlipie karo. Picha zikaenda New York, na Beard akawaambia waandishi wa kule kwamba kiumbe huyo alimwokota porini akichunga mifugo, hajui lugha ya watu. Binti huyo alikuwa anajua lugha tano! Ikambidi asimame mbele ya waandishi, katika mji wa ugenini, kueleza kwamba yeye si mchunga mbuzi. Beard huyo alikuwa akikaa wapi? Kambi yake, Hog Ranch, iko papo hapo, imepakana na lililokuwa shamba la Blixen. Dunia ni ndogo, na Karen ni ndogo zaidi.

Basi miaka kumi baadaye Iman akarudi katika ardhi ile ile, mashuhuri wa kimataifa, akapewa kumcheza mke wa bwana. Maneno aliyopewa hayajazi kiganja. Anaingia, anatoka, anaweka kitu, anamtazama mgonjwa. Berkeley akifa, watu wanakusanyika kaburini, na Mariammo amesimama mbali na waombolezaji Wazungu. Sinema inaendelea na safari yake, haimrudii tena.

Mtu aweza kunijibu kwamba ndivyo ilivyokuwa zama zile: mke wa Kisomali wa mlowezi hakupewa kiti klabuni, na sinema imesema kweli. Nakubali nusu. Lakini hebu tukifungue kitabu chenyewe cha Blixen. Mna sehemu nzima ya wanawake wa Kisomali, mke wa Farah na jamaa zake waliokuja kukaa shambani, na wanawake wale wanasema! Wanasimulia hadithi usiku, wanacheka, wanahoji. Walipoambiwa kwamba Wazungu huwaoza binti zao bila ya mahari hawakuamini, wakaona ni fedheha kubwa kwa binti na kwa waliomzaa. Bibi Blixen, pamoja na mengi tunayoweza kumlaumu, alikaa nao akawasikiliza, akayaandika. Nusu karne ikapita, ikaja sinema yenye fedha za kununulia simba California, na wanawake wote wale wakapunguzwa kuwa mmoja, na huyo mmoja akanyamazishwa.

Baada ya Karen, Kitchen alirudi kwao, na nyota yake ikapanda polepole kama mwezi wa siku za mwanzo. Mwaka 1991 alikuwamo katika Enchanted April. Mwaka 1993 akawa mfalme wa Uingereza katika To Play the King, mfalme mwenye huruma kwa maskini anayejitia katika mapambano na waziri mkuu mwenye hila, akashindwa. Watoto wa mjini waliozoea sinema za James Bond walimwona bila ya kumjua: ndiye Tanner, mkuu wa ofisi ya wapelelezi, katika GoldenEye ya 1995 na tena 1999 katika The World Is Not Enough. Hizo ni kazi za kulipia kodi ya nyumba, tuzipite.

Kazi iliyomtia katika kila nyumba ya Kiingereza ni Foyle's War, iliyoanza mwaka 2002. Foyle ni afisa wa polisi katika mji wa pwani wa Hastings wakati wa vita vya Hitler. Mjane mwanamume, mwanawe rubani wa vita, yeye anataka kwenda vitani nao wanamwambia kaa hapa ushike wezi. Nchi inapigania uhai wake, na Foyle anauliza nani aliyemuua mtu mmoja. Wakubwa wanamwambia huyu muuaji tunamhitaji kwa ajili ya vita, mwache. Yeye husikiliza, hutazama chini, mdomo ukapinda kidogo upande mmoja, kisha husema neno moja au mawili, na mkubwa huyo hana pa kujificha. Vipindi ishirini na vinane vilitengenezwa hata 2015. Katikati yake wenye kituo waliukatiza, watazamaji wakalalamika hata ukarudishwa.

Mtunzi wa mchezo huo, Anthony Horowitz, amesimulia habari ambayo kila mwandishi angepaswa kuibandika juu ya meza yake. Kitchen alikuwa akimjia na karatasi mkononi kumwomba amwondolee maneno. Wachezaji wengine duniani huhesabu mistari yao kama mchuuzi anavyohesabu samaki, wakapigana waongezewe. Huyu alitaka yapunguzwe, kwa kuwa alichoandikiwa kukisema aliweza kukitazama tu. Na Horowitz, ambaye maneno ndiyo riziki yake, alikubali kuyakata.

Habari hiyo nimeipenda miaka mingi, nami mwenyewe nimewahi kuwasimulia vijana wanaoniletea mashairi yaliyojaa maneno hadi pomoni. Lakini siku hizi kila nikiisimulia humkumbuka Mariammo. Kitchen aliletewa karatasi imejaa akachagua cha kuacha. Iman alikuja Karen na lugha tano, akakuta karatasi ya mtu mwingine.

Mwezi wa Shaabani uliopita niliitazama tena sinema hiyo nyumbani, pamoja na shangazi yangu aliyekuja kutusalimu. Amepita miaka themanini, na sinema kwake ni zile za Kihindi alizokwenda na wenziwe siku za wanawake, ambapo kila mtu alijua kwamba staringi hafi. Kiingereza haelewi, hivyo nilikuwa nikimfasiria. Kwa Streep na Redford alipiga miayo. Alipotokea Kitchen kitandani na yule mwanamke pembeni, akajiweka sawa kitini.

"Mwanangu, huyu mwanamke ni Mwislamu?"

"Ndiyo, shangazi. Msomali."

"Na huyu mgonjwa ni mumewe?"

"Wanakaa pamoja."

"Sikukuuliza hilo. Amesilimu, akamuoa?"

"Sinema haikusema, shangazi."

Akanyamaza. Tukafika mazikoni, Wazungu na mavazi yao meusi, na Mariammo kule mbali amesimama peke yake. Shangazi akanishika mkono ili nisiendelee kufasiri.

"Basi eda atakalia nyumba ya nani?"

Nilitazama kioo nikitafuta jibu, lakini walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye tukio jingine.